Njoo na Viatu Unavyopigia

Ijumaa iliyopita niliwakabidhi bisibisi zangu. Sikukabidhi zote. Ile ndogo yenye mpini wa mbao nimeondoka nayo kwenye mkoba, na anayeona nimeiba aje nyumbani Chapwa tuongee. Mezani nimewaachia mita, chuma cha kulehemu, kopo la spiriti na lile boksi la swichi chakavu ambalo kila mmoja wenu amewahi kuniuliza nitalitupa lini. Msilitupe. Mtu asiyetazama swichi zilizokufa hawezi kujua zilizo hai zinaumwa nini.

Mafundi wangu, mliniomba niandike historia ya karakana. Historia sina, ninachokijua ni swichi za mguu, zile anazokanyaga mpiga gitaa ili sauti ibadilike katikati ya wimbo. Hapa Tunduma watu wananijua kama mama wa redio, lakini redio zilikuwa za kulia ugali tu. Kazi niliyoipenda ilikuwa pedali, yaani visanduku vya swichi hizo, na nitawaeleza nilivyoipata, nilivyoiharibu mara moja, na watu walionifundisha kwa sababu ya kuiharibu kwangu.

Nilizaliwa Mbozi, nyumba ya kahawa na mahindi, mama yangu akiwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na kila ilipogoma mimi ndiye niliyelala chini ya meza kuitazama. Nilijua tangu mdogo kwamba mama hukanyaga zaidi kwa mguu wa kulia, kwa sababu upande huo wa pedali ulikuwa umelika hadi unang'aa. Miaka ya themanini mwishoni, maduka ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa na redio kaseti zikawa zinavuka mpaka kwa wingi kutoka Nakonde, nilishuka Tunduma kukaa kwa shangazi. Siku moja nikapeleka redio yake kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na barabara ya malori. Jina lake Mzee Silwimba.

Nilimkuta ameinamia kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa tofali, kina kitufe kimoja juu. Mbele yake alikaa mwanamuziki kutoka ng'ambo, ba Mulenga, mpiga gitaa wa bendi iliyokuwa ikipiga mabaa ya Nakonde. Mzee alikuwa anambonyezea kitufe kwa dole gumba, macho amefumba.

"Viatu viko wapi?" Mzee aliuliza.

"Viatu gani, mukwai?" aliuliza ba Mulenga; ba na mukwai kwao ni maneno ya heshima.

"Unavyopigia."

"Mukwai, nimeleta pedali. Miguu nimeiacha Nakonde."

"Basi kaichukue."

Ba Mulenga alicheka, akamtazama Mzee akaona hacheki, akavuka mpaka kweli kwenda kuchukua viatu. Nikiwa nasubiri redio ya shangazi nikauliza kama anataka viatu kwa sababu mguu hula pedali upande mmoja, kama kwenye cherehani. Mzee Silwimba alifumbua macho. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nimesoma hadi la ngapi, na kama naweza kuja kesho. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sikujaza fomu, na redio ya shangazi ilisahaulika pale wiki mbili.

Viatu vya ba Mulenga vilikuwa buti za kisigino kirefu, zimepigwa chuma chini kama kwato. Alikuwa anakanyaga kwa kisigino, tena kwa pembe, kwa hiyo kitufe kilisukumwa ubavuni badala ya kushuka wima. Mzee alifungua pedali akanionyesha: mhimili wa swichi umepinda, ndani mguso mmoja umelika na mwingine mzima. Alibadilisha swichi, kisha akachukua kizibo cha soda, akakijaza mpira wa tyubu ya lori, akakivalisha juu ya kitufe. Kisigino kikishuka kwa pembe, kizibo kinakipokea na kukisukuma wima. Ba Mulenga alikuja miezi mingi baadaye kusalimia tu. Kizibo kilikuwa bado kipo, kimebonyea lakini kinafanya kazi.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza, na sheria ya kwanza ya kibanda: pedali hailetwi bila viatu.

Sheria ya pili ilichukua muda zaidi kuingia kichwani. Pedali zenye vitufe vinne au sita zilipoanza kufika, nyingi zikiwa zimeshatumika kwingine hadi zikachokwa, mteja angesema, "Kitufe cha tatu kimekufa." Mimi nilikuwa mwepesi, nang'oa swichi ya tatu, naweka nyingine. Mzee akanizuia mkono. "Hamisha," alisema. "Ya tatu iweke kwa pili, ya pili iweke kwa tatu. Ugonjwa ukihama na swichi, mgonjwa ni swichi. Ugonjwa ukibaki palepale, swichi umeisingizia." Mara nyingi ulibaki palepale. Mguu ukikanyaga mwaka mzima, bodi hupinda kidogo kidogo na lehemu inayoshika miguu ya swichi hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Ukitazama kwa macho huoni. Ukiweka mita huku unaipinda bodi kwa kidole, sindano inacheza, na hapo umempata. Lehemu mpya tone moja, kazi imekwisha, na swichi uliyotaka kuitupa inaendelea kuishi.

Makosa yangu ya ujana ni mengi na mengine nawaachia mgundue wenyewe. Moja nitalitaja kwa sababu kila mmoja wenu amelifanya na akaficha. Zile swichi ndogo za miguu minne, tulizokuwa tunazichomoa kwenye deki za video zilizokufa, miguu yake miwili miwili imeungana ndani. Ukiigeuza robo mzunguko, inaingia vizuri kabisa kwenye matundu, inapendeza, na inakuwa imebonyezwa tangu siku hiyo hadi mwisho wa dunia. Nilimfungia hivyo mpigaji mmoja wa bendi ya harusi. Gitaa lake liliunguruma kwenye wimbo wa kumwingiza bibi harusi, na halikunyamaza hadi walipochomoa waya. Mzee hakunigombeza. Alinipa swichi hiyo niivae shingoni kwa uzi juma zima, na kila mteja aliyeuliza ni hirizi gani ilibidi nimweleze.

Kulikuwa na mwalimu wa kwaya aliyetoka Galula na pikipiki, pedali ameifunga nyuma kwa mpira wa tyubu, barabara yote ile ya mashimo. Alilalamika kwamba kitufe kimoja kila akifika mjini hakirudi juu. Alikuwa amepitisha mpira juu ya kitufe hichohicho, kwa hiyo springi ilikuwa imebanwa kutoka Galula hadi mlangoni kwetu. Mzee Silwimba aliitengeneza, kisha akatoka nje akaifunga mwenyewe kwenye pikipiki, mpira ukipita pembeni, akamfunga na mwalimu kwa maneno hadi akaapa. Nilimpenda Mzee kwa hilo. Mafundi wengi huishia kwenye bisibisi. Yeye alimfuata mteja hadi kwenye carrier ya pikipiki.

Mwishoni mwa miaka ya tisini macho yake yalianza kufanya ukungu. Alivumilia mwaka mmoja, akilehemu kwa kunusa moshi na kusikia lehemu inavyotokota, lakini siku alipolehemu kidole chake badala ya waya alicheka, akaniachia ufunguo, akaenda kukaa kwake Chapwa. Nikabaki na meza. Watu wakaanza kuniita fundi bila kuongeza neno mbele wala nyuma. Nawaambia ukweli, jina hilo lilinilevya.

Sasa nifike kwa Elia.

Elia alikuwa mpiga gitaa la solo wa kwaya ya kanisa moja hapo Chapwa. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mtoto, akawa anavaa kiatu kizito kilichoungwa na vyuma viwili hadi chini ya goti. Alisimama kwa mguu wa kulia na kukanyaga pedali kwa huu wa chuma. Alipiga gitaa kwa namna ambayo sijui niieleze vipi mimi nisiye mwanamuziki. Wanawake wa sokoni waliosali makanisa mengine walipitia dirishani Jumapili kumsikiliza kabla ya kwenda kwao. Kijijini alikokulia walimwita kwa mguu wake. Kanisani walimwita kwa gitaa.

Kwaya ilikuwa imejiandaa mwaka mzima kwenda Mbeya kurekodi kaseti. Zikiwa zimebaki wiki kama sita, pedali yao ikaanza kufa. Kitufe cha pili, ambacho Elia alikitegemea kwenye kila pambio, kilikuwa hakishiki. Akikanyaga mara moja hakuna kitu, akikanyaga tena kinashika mara mbili. Jumatatu wakaniletea. Nikafungua, nikasafisha kwa spiriti, nikaweka mita, ikasoma vizuri. Jumapili kikafa katikati ya ibada. Jumatatu tena. Safari hii nikahamisha, cha pili kwa tatu. Jumapili vyote viwili vikafa. Jumatatu ya tatu nikang'oa zote nne nikaweka mpya kabisa nilizoagiza Mbeya, nikapima urefu wa kila kitufe kwa njiti ya kiberiti, nikalehemu kwa mkono usiotetemeka. Jumapili zikafa zote.

Hapo mwenyekiti wa kwaya akaja mwenyewe, na nyuso mbili za kamati nyuma yake. Alitaka jibu. Nami nikaomba viatu, kama nilivyofundishwa.

Elia alikaa kwenye benchi langu akafungua mikanda ya ule mguu, akanipa kiatu mbele ya watu. Mnaelewa ninachosema, kwa mtu mwingine kuvua kiatu si kitu. Nikakigeuza. Soli ilikuwa nzito, ukingo wa chuma umechomoza mbele, na chini kulikuwa na wekundu uliogandamana. Nikafikiri, udongo wa Chapwa. Nikapima uzito wa kiatu mkononi. Nikasema kwa sauti, wote wanasikia, "Tatizo ni hiki. Hakuna swichi itakayovumilia chuma hiki."

Mwenyekiti akashusha pumzi. Elia akakipokea kiatu, akafunga mikanda mmoja mmoja.

"Sawa, fundi," alisema.

Wiki hiyohiyo wakamwambia apumzike. Walimwambia kwa upole, kanisani watu husema hivyo kwa upole. Wakamwazima mpigaji kutoka Vwawa, kijana wa raba laini, ndiye ajifunze nyimbo na ndiye aende Mbeya. Mimi nilirudi kwenye redio zangu nikijiona nimemaliza kesi ngumu.

Jumatatu iliyofuata mwenyekiti akaingia na pedali kwapani. Aliiweka mezani tu. Elia hakuwa ameigusa. Wa Vwawa, pamoja na raba zake, alikuwa amekanyaga hewa ibada nzima.

Nilikaa nikaitazama ile pedali. Kwa miaka zaidi ya kumi nilikuwa naitumia sheria ya kuhamisha. Elia ndiye aliyehamishwa, ugonjwa ukabaki palepale. Nilikuwa nimemsingizia mtu.

Niliifunga pedali kwenye kanga nikaenda kwa Mzee Silwimba. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage kwa vidole, maana macho yalikuwa yameshakwisha karibu yote. Nikamwamkia, nikamweleza tangu mwanzo, na sikujipunguzia.

"Viatu uliviona?" aliuliza.

"Niliviona, mzee."

"Chini kulikuwaje?"

"Chuma. Na udongo mwekundu."

"Ulinukaje?"

Sikuwa nimeunusa. Akanyoosha mikono, nikampa pedali. Aliipapasa kitufe kwa kitufe kama anavyochambua maharage, akaileta puani, akavuta pumzi mara moja.

"Mwanangu," alisema, "huo udongo wako una harufu ya polishi ya sakafu."

Nikainusa na mimi. Kweli, ile nta nyekundu ya kopo inayopakwa sakafu za saruji, kila nyumba ya Tunduma inaijua. Kwenye ukingo wa kila kitufe kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu ambao mimi, mwenye macho mawili mazima, nilikuwa naufuta kila Jumatatu kwa spiriti bila kujiuliza umetoka wapi. Polishi ikiwa mbichi ni laini, inateleza na mhimili hadi ndani. Ikikauka inabaki nta juu ya miguso, na umeme haupiti kwenye nta. Jumatatu nasafisha, inapona. Jumapili inakufa. Kwa hiyo mtu anaipaka katikati.

"Twende wote ukawaambie," nikamwomba. "Wewe watakusikia."

"Uliposema ni kiatu, tulisema wote?"

Akarudi kwenye maharage yake.

Niliisafisha tena pedali nikairudisha kanisani, na Jumamosi mchana nikaenda huko mwenyewe. Usafi wa pale ulikuwa wa zamu, ila eneo la mbele, madhabahu na kwaya, lilikuwa la mtu mmoja tu, Mama Nachalwe, mjane wa Kinamwanga mwenye umri wa bibi yangu. Aliliomba mwenyewe baada ya kupona ugonjwa mrefu, na hakuna aliyethubutu kumpokonya. Nilimkuta amepiga magoti, kopo la polishi pembeni, sakafu inang'aa hadi naona dari ndani yake. Pedali alikuwa ameipakata. Amezungusha kitambaa kwenye kidole cha shahada, anakizungusha ukingoni mwa kitufe cha pili, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto masikio.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Hiki si ndicho kinachoimbisha gitaa la Elia?"

"Shikamoo mama. Ndicho."

"Marahaba. Ndiyo maana nakipaka mara mbili. Tangu wamsimamishe nakipaka mara tatu, labda watamrudisha."

Nimefungua vitu vingi vya watu maishani, sijawahi kuona kitu kikiuawa kwa heshima kiasi kile. Nikaketi kwenye benchi nikimtazama amalizie, kwa sababu kumzuia katikati niliona ni ukatili, na hata leo sijui kama nilikosea.

Kwaya ilianza kuingia kwa mazoezi. Wa Vwawa alichukua nafasi mbele. Elia alikuja pia, akakaa benchi la nyuma kabisa na gitaa lake kwenye mfuko, kama mtu aliyekuja kusikiliza. Mama Nachalwe alikuwa pembeni anakamua matambara. Nikamwomba mwenyekiti dakika moja, nikasimama mahali palepale wote wanaponiona.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nikasema, "Wiki iliyopita nilisema mbele yenu kwamba kiatu cha Elia ndicho kinachoharibu pedali. Nilikosea. Kiatu hakina kosa, na Elia hana kosa. Kuna uchafu unaingia kwenye swichi, nimeupata, nitausafisha na hautarudi."

Nilidhani nimemaliza vizuri. Nimemrudishia Elia chake, na sijamtaja mtu.

"Uchafu gani?" mwenyekiti akauliza.

"Uchafu tu. Vumbi vumbi."

Kamati wakatazamana. Mmoja akasema vumbi liko kila mahali, mbona makanisa mengine pedali haziharibiki, isije ikawa fundi anamwonea huruma Elia kwa sababu ya hali yake. Na wa Vwawa ameshajifunza nyimbo zote. Niliona kabisa mlango unavyofungwa. Ukweli nusu ulikuwa haumfikishi Elia popote, na nusu iliyobaki ilikuwa imeshika matambara pembeni.

Mama Nachalwe akaweka ndoo chini.

"Fundi," aliniita, "huo uchafu ni mwekundu?"

Nikamtazama. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua.

"Ni mwekundu, mama."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akaja mbele hadi akawa kati yangu na kamati.

"Basi ni polishi yangu," alisema. "Fundi amenionea aibu, lakini mimi sioni aibu kwa kazi ninayomfanyia Mungu. Nimeipaka ile mashine kila Jumamosi tangu mlipobadilisha kopo, hili jipya ni laini zaidi. Mimi ndiye niliyeiua. Mmemkalisha mtoto wa watu nyuma siku zote hizi kwa kosa langu." Akageuka. "Elia, njoo ukae mahali pako."

Elia alitembea kutoka nyuma, na chuma cha mguu wake kilisikika kwenye ile sakafu hatua kwa hatua. Wa Vwawa, namsifu kwa hilo, alisimama kabla hajafikiwa akamvutia stuli. Nilifungua pedali palepale juu ya benchi, nikasafisha swichi nne mbele ya kwaya nzima, Mama Nachalwe akinishikia skrubu kwenye kiganja na kuzihesabu. Kisha Elia akapiga. Kitufe cha pili kilishika mara ya kwanza. Mimi si mtu wa kulia kirahisi, lakini siku ile nililia, na sikujificha.

Baada ya mazoezi nilimfuata Elia nje nikamwomba radhi. Alikubali. Kisha nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Nilihisi," alisema. "Jumapili ya pili mguu uliteleza kwenye kitufe. Nikanusa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, fundi? Nimwambie bibi aache kutupendezeshea kanisa? Halafu wewe ukaja kusema ni kiatu. Fundi akishasema, nani atamsikiliza mpigaji?"

Alisema bila ukali. Ndiyo maana limenikaa hadi leo. Tangu siku hiyo, mteja akikaa kwenye lile benchi huwa namuuliza kwanza yeye anadhani ni nini. Mlikuwa mnaniona napoteza muda na maswali. Nilikuwa nalipia.

Nilipomsimulia Mzee Silwimba, aliniuliza kitu kimoja: kama mama yule alisimama mwenyewe au aliambiwa. Nikamwambia mwenyewe. Akasema kama angempata yule mama miaka thelathini nyuma, angemwajiri yeye, na mimi nisingepata kazi.

Walikwenda Mbeya na Elia, na wa Vwawa wakamchukua apige gitaa la rithimu. Mama Nachalwe alishona kifuniko cha kitambaa kizito, akakitarizi ua pembeni, na kila Jumamosi akaifunika pedali kabla hajafungua kopo. Kaseti ilipotoka tuliisikia kila mahali, kwenye maduka, kwenye malori yaliyopanga foleni ya mpakani. Katika wimbo wa tatu, kabla tu ya pambio, kuna mlio mdogo, ta. Watu wanadhani ni ngoma. Ni kitufe cha pili. Kila nikiusikia husimama kidogo hata kama nimebeba mzigo.

Mzee ametangulia, na Mama Nachalwe pia. Nilimaliza kazi Ijumaa, kama nilivyosema, na Alhamisi, siku moja kabla, nilikuwa naanza kufungasha vitu vyangu. Elia akaingia. Ana mvi sasa, na kiatu kipya chenye vyuma vyepesi zaidi. Alikuwa na pedali ileile kwapani, ndani ya kifuniko kilekile chenye ua, na mkono wa pili kifurushi cha gazeti. Hakusubiri niagize. Alifungua gazeti akaweka mezani kiatu chake cha zamani, kile anachopigia bado.

"Kitufe cha pili kimekuwa kigumu," alisema.

"Wewe unadhani ni nini?"

"Sijui. Angalia wewe."

Nikakigeuza kiatu. Chini kulikuwa na wekundu. Nikamtazama, naye akatazama barabarani. Nikakiinua hadi puani, nikavuta pumzi.

"Udongo," nikasema.

"Najua," Elia alisema. "Nilitaka kuona kama bado unanusa."